Kifaru Kilichopelekwa Kombewa

Enzi zetu, mtoto wa Kisumu hakununuliwa kitu cha kuchezea. Najua wenzangu wa rika langu watatikisa kichwa wakikubali, na vijana watadhani natia chumvi. Gari ulilitengeneza mwenyewe kwa waya na soli ya ndala iliyokatika. Mwanasesere alikuwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa, na mpira ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Vitu vya dukani tulivitazama kupitia kioo tu, mikono nyuma kama tulivyofundishwa, halafu tukaenda zetu nyumbani kula ugali kwa omena na kulala.

Kwa hiyo siku baba alipoingia na boksi la duka kwapani, mimi na kaka yangu Ouma tulidhani ni viatu. Tulikuwa tunakaa katika nyumba za wafanyakazi karibu na bandari, chumba na sebule, na baba alikuwa mpaka rangi wa meli. Kila jioni alirudi akinuka tapentaini, na mama alikuwa akimsugua mikono kwa mafuta ya taa kabla hajagusa chakula. Jioni ile hata mikono hakunawa. Aliliweka boksi mezani na kulifungua taratibu, nasi tukasogea. Juu yake palikuwa na picha ya kifaru cha vita kikivuka kijito, na askari wazungu wenye mashavu mekundu wakichungulia kutoka ndani. Ndani ya boksi hamkuwa na kifaru chochote. Kulikuwa na vipande vya plastiki vya rangi ya kijivu vimeshikana kwenye vijiti, pamoja na kichupa cha gundi.

Mama alitazama mara moja tu. "Baba Atieno, watoto wanaenda shule miguu mitupu, na wewe unanunua gari la vita? Tena limevunjika!"

"Halijavunjika. Linaungwa," baba akasema. "Na si la watoto. Ni langu."

Ouma alinitazama, nami nikamtazama. Hatukuwa tumewahi kusikia mtu mzima akisema kitu kama hicho ni chake.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo ili mnielewe. Baba na mdogo wake, Okelo, walichukuliwa pamoja kwenda kupigana Burma katika vita vya wazungu, kabla hata mimi sijazaliwa. Baba alirudi. Baba mdogo Okelo hakurudi. Chifu alifika nyumbani kwetu Seme, mbele kidogo ya Kombewa, akamwambia Dani, nyanya yetu mzaa baba, kwamba mwanawe amekufa vitani. Dani akamuuliza swali moja tu: nani alimwona? Chifu hakujua. Vita vilipokwisha na baba akarudi na koti lake la jeshi, Dani akamuuliza yeye swali hilohilo. Inasemekana baba alifungua kinywa, akakifunga, akatoka nje.

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usiweze kuletwa, watu hutafuta tunda la mti wa yago, lile refu na zito linaloning'inia, na kulizika badala yake. Hulilia kama wanavyomlilia mtu, na baada ya hapo mambo mengine yanaendelea. Wazee wa ukoo walitaka kumzikia Okelo yago. Dani alikataa katakata. Alisema hawezi kuzika tunda huku mtoto wake pengine anatembea njiani akirudi, maana hakuna aliyemwona akifa. Kila Krismasi tulipokwenda kumtembelea, wazee waligusia jambo hilo, naye akawajibu vilevile, na baba akakaa kimya akitazama kikombe chake cha chai. Sisi watoto tulijua kimya kile kilipoanzia na kilipoishia, tukawa tunatoka nje kwenda kucheza ajua, bao letu la vijiwe. Tulidhani baba naye hajui.

Mwaka ule Dani aliugua, akalazwa hospitali ya Kombewa, akatoka amekonda sana. Baba alikwenda kumwona peke yake. Wiki aliyorudi ndipo aliponunua lile boksi.

Jumapili baada ya kanisa alianza kazi. Watoto wa leo wakipewa kitu kama kile wangekuwa wamemaliza kabla ya chakula cha mchana na kuuliza kingine kiko wapi. Baba alikata kila kipande kwa wembe, akakisugua kwa msasa uliochakaa, akakipima mahali pake, kisha akakirudisha kwenye sahani na kukitazama tu. Magurudumu madogo alituruhusu tuyahesabu, tusiyaguse. Gundi ile ilikuwa na harufu kali iliyotufanya tucheke bila sababu, mama akafungua madirisha yote.

Kwenye rangi ndipo nilipomwona baba wa kazini, yule ambaye hatukuwa tukimwona nyumbani. Kule gatini, meli zilikopakwa rangi, hakukuwa na kijani cha jeshi. Kulikuwa na nyeupe, nyeusi, manjano na ile nyekundu ya kuzuia kutu. Alileta mabaki kwenye makopo ya maziwa, akachanganya manjano na nyeusi kidogo kidogo kwa kijiti, na mbele ya macho yetu ikatokea rangi ya kijani iliyofifia, ileile ya kwenye picha. Ouma alipiga makofi. Brashi aliitengeneza kwa nywele chache za mkia wa mbuzi. Rangi ilipokauka alichukua penseli, akasugua risasi yake kwenye kingo na kwenye minyororo, na plastiki ikaonekana chuma kilicholika. Mwisho alichota vumbi la uani, akalikoroga na rangi iliyobaki, akakichafua kifaru kizima kwa makusudi. Mama aliona hilo akaguna. Yeye alishinda siku nzima akipangusa vumbi.

Tulipata balaa la sami pia. Mliokulia kando ya ziwa mnawajua, wale wadudu wadogo wanaotoka majini kama moshi na kuingia kila mahali, puani, kwenye uji, kwenye maombi ya kanisani. Walitua kwenye kifaru kabla rangi haijakauka, wakanata kwa makumi. Baba hakukasirika. Alikaa siku mbili baada ya kazi akiwang'oa mmoja mmoja kwa sindano ya mama. Jirani yetu Bwana Wafula, aliyefanya kazi reli, alisimama mlangoni akitazama.

"Mzee, hii kitu yako inaweza piga risasi kweli?"

"Hapana, Bwana Wafula. Hii ni ya kuonyesha mama yangu."

"Mama atafanya nini na tanki?"

Baba aliendelea kung'oa sami. Bwana Wafula alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akaenda kwake.

Kifaru kilipomalizika, tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Baba alileta ubao wa sanduku la chai, akaufunika kwa udongo wa ziwani, akachora njia nyembamba ya matope. Hapo ndipo alipotuita tumsaidie. Tulikata mashina ya mafunjo na kuyachomeka yawe mianzi, kwa maana baba alisema msitu wa kule ni wa mianzi, na humo huwezi kuona hatua tano mbele. Tulipaka unga wa mbao rangi ya kijani uwe majani. Kijito alikitengeneza kwa vanishi, akaimimina tabaka moja juu ya lingine mpaka yakaonekana maji ya kahawia. Askari aliwafinyanga kwa udongo juu ya waya, wadogo kuliko kidole changu cha mwisho, wengine wakiwa na mizigo kichwani. Wale wawili wa plastiki waliokuja ndani ya boksi walikuwa na nyuso za pinki kwenye picha. Hao aliwapaka hivyohivyo. Wengine wote aliwapaka rangi yetu, akachanganya nyekundu na nyeusi, akanishika mkono na kuuweka karibu na kopo ili alinganishe.

Nami nikatia nyumba.

Sikuagizwa. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa ambaye hajawahi kuona mahali pasipo na boma. Ukipanda juu ya mawe makubwa ya Seme na kutazama pande zote, unaona mji wa huyu, mji wa yule, ua wa vichaka vya ojuok, moshi. Niliona pale pamekaa vibaya, watu wote wale porini bila hata jiko. Nikajenga kinyumba cha matope kando ya njia, nikakiezeka kwa nyasi za ufagio, nikakitoboa mlango. Baba aliporudi kutoka kazini alikitazama.

"Atieno, kule hakukuwa na nyumba," alisema, akanyoosha mkono kuking'oa.

Nililia. Sina cha kujitetea, nililia kwa sauti, na mama akasema kutoka jikoni amwachie mtoto, hicho ni kimatope tu. Baba alirudisha mkono. Nyumba ikabaki.

Tulisafiri Jumamosi asubuhi, sote wanne. Utingo wa basi alitaka ubao upandishwe kwenye keria pamoja na kuku na baiskeli. Baba alimwambia kwa upole kwamba ubao ukipanda huko, naye atapanda nao. Akaubeba magotini mpaka Kombewa, umefunikwa kwa shuka, na kutoka hapo tukatembea yeye akiwa mbele, akikwepa mawe kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

Dani alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba yake. Mwili ulikuwa umekwisha lakini macho yake bado yalikuwa makali. Alitusalimia sote kwa majina, akauliza habari za shule, akanywa chai. Kisha baba akaweka ubao mbele yake juu ya kigoda, akatoa shuka. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kijaluo, nami nayaandika hapa kama ninavyoyakumbuka.

"Mama, hii ndiyo njia. Huu ni mto. Hii ni mianzi, lakini kule ni mirefu kuliko nyumba hii."

Dani aliinama.

"Kifaru hiki kilikwama kwenye matope, hapa. Tuliambiwa tukate magogo tuyaweke chini ya minyororo yake." Kidole cha baba, kilichokuwa bado na rangi chini ya ukucha, kikasogea mpaka kwa askari mmoja aliyeinama mbele ya kifaru. "Okelo ni huyu."

Hatukujua. Tulikuwa tumempaka rangi ya sare yule mtu wa udongo, tukamvalisha kofia, tukamgombania ni wa nani, na hatukujua. Ouma alinishika nguo.

"Risasi zilitoka huku, kwenye mianzi. Alipigwa yeye na mwingine. Hakusema kitu."

"Wewe ulikuwa wapi?" Dani akauliza.

"Hapa. Nimelala kwenye mfereji."

"Ni mbali?"

"Kama kutoka hapa mpaka langoni."

"Kwa hiyo ulimwona."

"Nilimwona, Mama. Hatukuweza kumfikia mpaka asubuhi. Nilimzika mwenyewe kando ya njia, amefunikwa kwa blanketi lake. Mvua ilikuwa inanyesha. Kisha tukaamriwa kuondoka."

Nje kuku walikuwa wakiparura. Mama yangu alikuwa ameinamisha uso kabisa, na nadhani naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

"Kumbe unajua," Dani akasema. "Miaka hii yote nakuuliza, na unajua."

"Uliniambia turudi wawili," baba akasema. "Ningekwambiaje? Ungeniuliza ni wapi, na hapa kwetu hakuna mahali hata pamoja panapofanana na kule. Singekuwa na kitu cha kukuonyesha."

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akiongea maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja. Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayetarajia kuchapwa. Lakini Dani hakumkaripia. Alikuwa ameona kitu kingine, na mkono wake uliokonda ulinyooka ukagusa paa la nyasi za ufagio.

"Na hii nyumba ni ya nani? Kulikuwa na watu hapa? Walimwona?"

Niliisikia sauti yake ikipanda kidogo. Hata mtoto angejua alichokuwa anakitafuta: mwanamke fulani wa kule aliyetoka nje asubuhi, akasimama karibu na mwanawe, hata kama hakujua jina lake. Baba alinitazama. Ingekuwa rahisi sana aseme ndiyo. Mimi nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme ndiyo, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi pamoja na matope yangu.

"Hapana, Mama," akasema. "Hiyo aliiweka Atieno. Kule hakukuwa na nyumba. Ulikuwa msitu mtupu."

Dani akaniita nisogee. Nilisogea mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Wewe ndiye uliyemjengea baba yako mdogo?"

Sikuwa nimemjengea mtu yeyote, nilikuwa najaza mahali. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mlango umeuelekeza wapi?"

"Kwenye mto, Dani."

Akafikiri juu ya hilo, akaridhika. Niliyajua baadaye, nilipokuwa mkubwa, yale aliyokuwa anayapima. Kwetu mwanamume mzima hazikwi hivihivi bila nyumba. Akifa kabla hajajenga, watu humsimamishia hata kibanda, ndipo alazwe. Okelo aliondoka kijana, hana mke, hana paa. Ile miaka yote wazee wakimhimiza Dani kuhusu yago, naye akiwauliza nani alimwona, nadhani moyoni alikuwa na swali la pili ambalo hakulitamka: kama kweli amekufa, amelala wapi, na kwa nani.

"Iacheni hapo," akasema. "Ana nyumba." Kisha akamgeukia baba. "Waite wazee. Waambie watafute yago."

Alikataa kushikwa mkono. Aliinuka mwenyewe, akatoka nje mpaka katikati ya uwanja, akapiga nduru. Sisi ni watu wa nduru, naijua sauti ile tangu utotoni, lakini sijawahi kusikia nyingine kama ya Dani siku ile. Watu walitoka shambani na majembe, wanawake wakaja mbio wakijifunga leso, kila mmoja akiuliza ni nani, nani amekufa, maana wote walidhani ni mgonjwa wa nyumba ile na mgonjwa alikuwa amesimama mbele yao.

"Okelo," baba akawaambia. "Okelo amekufa."

Na wakaanza kulia. Wengine walikuwa vijana ambao hawakuwahi kumwona. Walilia kana kwamba habari imefika asubuhi ileile, na baba akakaa chini kwenye vumbi akalia pamoja nao, mikono kichwani, mtu mzima mpaka rangi wa meli. Nilimwonea huruma na nikaona fahari, yote mawili kwa wakati mmoja, na bado sijui kuyatenganisha.

Yago ilizikwa wiki hiyo. Ubao ulibaki kwa Dani, akaupa nafasi kando ya kitanda, na aliishi miaka mingine kadhaa kinyume na tulivyotarajia. Mchwa waliula ubao kutoka chini. Kifaru kilibaki kwa muda, watoto wa jirani wakakipoteza, na baba hakuuliza kilikokwenda. Tangu siku ile alianza kutusimulia Burma, hata ya kuchekesha: biskuti zilizovunja meno, nyumbu aliyekula ramani ya afande, na mtu wa Bondo aliyejaribu kuvua samaki mtoni kwa chandarua.

Leo mjukuu wangu anaendesha vifaru kwenye simu. Anavyo vya kila namna, vinang'aa, vinalipuka, na vikilipuka vinarudi vizima. Nilipomweleza kwamba babu wa baba yake alitumia miezi kuunga kimoja na siku mbili kukitoa wadudu, alisema, "Sasa si ange-download tu?" Nilicheka, tena nilicheka kweli. Ana akili yule mtoto, na vidole vyake vina kasi kuliko macho yangu. Lakini hajawahi kukaa na kitu kimoja mpaka kikamwambia jambo, na hilo sijui atalipatia wapi.

Baba yake, mwanangu Ochieng', yuko Uarabuni. Ni mlinzi, mahali fulani, kwa watu fulani. Sisi tuna bahati siku hizi, hatungojei chifu. Kila Jumapili ananipigia kwa video, namwona amenyoa, namwona amekonda au amenenepa, na nyuma yake kuna ukuta mweupe.

"Niko poa, Mathe, usijali."

"Hapo ulipo ni wapi?"

"Ni kazini tu."

"Nje kukoje?"

"Ni kawaida tu, Mathe. Joto."

Halafu mtandao unakatika. Nakaa na simu mkononi nikimfikiria Dani, ambaye alingoja zaidi ya miaka ishirini lakini mwisho alionyeshwa njia, akaonyeshwa mto, akawekewa kidole mahali hasa. Mimi namwona mwanangu kila Jumapili, na sijui ng'ambo ya ukuta ule kuna nini.